Mganga wa Televisheni Hawezi Kutuponya



Mwezi uliopita shemeji yangu mmoja, ambaye kazi yake ni kuuguza wazee huko Uingereza, alikuja kutusalimu. Katika mizigo yake alituletea filamu za mchezo mmoja wa televisheni uitwao Peak Practice, mchezo wa waganga wa kijijini. Jioni baada ya jioni tulikusanyika nyumbani kwa baba mkwe, wazee mbele, vijana nyuma, watoto wakining'inia madirishani, naye shemeji akitufasiria maneno. Nami nilikuwapo, sikatai. Nilicheka pamoja na wengine, na jioni moja nilifuta machozi.

Lakini yaliyofuata hayakunichekesha. Jumapili ile kijiji kilikuwa na mkutano wa kuamua jambo la sanduku la wagonjwa: kila nyumba itoe franga kidogo kila mwezi, ili mtu akiugua asirudishwe mlangoni kwa kukosa fedha. Mzee mmoja wa heshima akasimama, akasema: "Sanduku la nini? Sisi tunataka mganga mwenye moyo kama yule Jack. Akipatikana yeye, mengine yatanyooka." Watu wakapiga makofi. Mkutano ukafungwa, na sanduku halikuundwa.

Ndiyo maana nashika kalamu. Kwa heshima yote nasema: baba yetu amedanganywa, na aliyemdanganya ni mchezo ule. Nao umedanganya wengi kabla yake, hata huko ulikotungwa.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Ulianza kuonyeshwa mwaka 1993 katika televisheni ya ITV, ukaendelea mpaka mwaka 2002. Mtungaji wake ni bibi Lucy Gannon, ambaye kabla ya kuwa mwandishi aliwahi kufanya kazi ya uuguzi. Kijiji cha mchezo chaitwa Cardale. Usikitafute katika ramani, hakimo; lakini vilima unavyoviona ni vya kweli, ni vilima vya Derbyshire, na picha za miaka ya kwanza zilipigwa katika kijiji cha Crich. Dokta Jack Kerruish, anayechezwa na Kevin Whately, arudi kwao kutoka Afrika, ajiunga na Dokta Beth Glover na Dokta Will Preston, na hao watatu wauguza kijiji kizima. Usiku wa mvua waitwa, waenda. Mtoto akianguka shimoni, mganga ateremka. Bibi kizee akikataa dawa, mganga aketi naye, anywa chai yake, mpaka akubali.

Je, mambo hayo ni mabaya? Hasha! Ni mazuri, na mchezo wastahili sifa kwa ajili yake. Waonyesha mganga anayewajua watu wake kwa majina, anayejua kwamba baba wa mgonjwa alikufa kwa ugonjwa uleule, anayeingia nyumbani na kuona kwamba kikohozi cha mtoto chatoka katika ukuta wenye unyevu. Mganga wa namna hiyo ni baraka. Nisemayo siyaelekezi kwake. Nashindana na fundisho lililofichwa chini yake, yaani kwamba afya ya kijiji hutoka katika kifua cha mtu mmoja mwema, na kwamba akija yeye yatosha. Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini hawakusema kwamba mwenyeji akae tu, mikono mapajani, akimngoja mgeni.

Sasa nawauliza ninyi mliotazama pamoja nami. Je, katika jioni zote zile mliona mgonjwa hata mmoja akihesabu fedha mbele ya mganga? Je, mliona mama akiuza mbuzi ili mtoto atazamwe? Mimi sikuona. Twaona waganga wakihangaika kwa fedha za nyumba yao ya kazi, maana kule mganga wa namna hii ni kama mshirika katika duka, hutia fedha zake ili aingie. Lakini mgonjwa huingia mikono mitupu na kutoka vilevile. Kwa nini? Je, ni kwa sababu Jack ana moyo mwema? La! Ni kwa sababu ya sheria. Tangu tarehe 5 Julai 1948 Waingereza wana shirika la afya la taifa, ambalo gharama zake hulipwa kwa kodi ya wote, na mgonjwa hamlipi mganga mlangoni. Malipo yapo kwa baadhi ya mambo, kama dawa kwa watu fulani, lakini kumwona mganga ni bure.

Hili ndilo jambo kubwa katika mchezo mzima, nalo halisemwi. Halisemwi kwa kuwa Mwingereza halioni tena, kama vile samaki asivyoyaona maji. Alizaliwa amelikuta. Sisi tusio nalo twatazama mchezo uleule, twaona tabasamu ya mganga, wala hatuoni sanduku lililo nyuma yake. Kisha twarudi mkutanoni, twalikataa sanduku na kuidai tabasamu! Usione vyaelea, vimeundwa.

Mtu ataniuliza: Kabla ya mwaka 1948 hawakuwako waganga wema vijijini? Walikuwako. Tena kuna mchezo mwingine uliowasifu hao. Televisheni ya BBC ilionyesha tangu mwaka 1962 mpaka mwaka 1971 mchezo wa Dokta Finlay, kijana wa Skoti katika kijiji kiitwacho Tannochbrae, pamoja na mzee wake Dokta Cameron, katika miaka ya 1920. Hadithi zake zilitoka kwa A. J. Cronin, ambaye mwenyewe alikuwa mganga. Waingereza waliupenda mno.

Lakini sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa hasa katika nchi ile ya Skoti. Kaskazini, katika milima na visiwa, watu walikuwa maskini na wametawanyika. Mganga hakuweza kuishi kwa malipo yao, nao hawakuweza kumwita bila kufilisika. Mwaka 1912 tume iliyoongozwa na Sir John Dewar ilitoa habari hizo kwa serikali. Mwaka uliofuata, 1913, serikali ilianzisha utumishi wa afya wa sehemu hizo, ikatoa pauni 42,000 kwa mwaka. Kwa fedha hizo mganga alipata riziki ya kutosha, na mgonjwa aliitozwa ada ndogo ileile, akae karibu au akae mbali. Wauguzi nao wakasaidiwa. Basi mganga wa milimani hakudumu huko kwa kuwa moyo wake uliumbwa kwa dhahabu. Alidumu kwa sababu watu waliketi chini, wakafanya hesabu, wakamwekea riziki. Wema wake ukapata mahali pa kusimama.

Na huyo Cronin je? Katika miaka ya 1920 alifanya kazi Tredegar, mji wa wachimba makaa huko Wales. Wachimbaji wa Tredegar walikuwa wameunda chama chao cha kusaidiana katika magonjwa. Kila mfanyakazi alikatwa senti chache katika kila pauni ya mshahara wake, na chama kikawaajiri waganga, kikawapa watu dawa na matibabu. Mwishowe karibu mji mzima ulikuwa ndani ya chama. Tafadhali, ndugu zangu, someni tena maneno hayo: wachimba makaa, watu wenye mikono meusi, bila kumngoja mtu, waliunda sanduku. Katika mji uleule alizaliwa Aneurin Bevan, mwana wa mchimbaji, naye akashiriki katika kazi za chama hicho. Huyo ndiye aliyekuwa waziri wa afya mwaka 1948, akalifanya kwa taifa zima lile alilolijua kwao. Tena wengi wa waganga wenyewe walimpinga vikali kabla ya siku ile. Kwa hiyo msiniambie kwamba sanduku lilitoka katika moyo wa waganga. Lilitoka katika mifuko ya wafanyakazi.

Hapo wasomaji wengine watasema: "Mwandishi huyu adharau moyo mwema. Je, hujui kwamba fedha bila upendo hazimfai mgonjwa?" Nalijua sana. Nimelala katika lopitali moja ambamo nilijibiwa kwa ukali hata nikaona aibu ya kuugua. Lakini nataka niwasimulie jambo jingine, kisha mhukumu wenyewe.

Miaka michache iliyopita mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku. Alichukuliwa kwa kitanda cha miti mpaka lopitali ya karibu, ambayo sitaitaja. Mganga wa pale alikuwa mtu mwema, kweli kweli. Aliamka bila kunung'unika, hakutaja fedha, alimshika mama yule mkono. Lakini damu ilikuwa yatoka nyingi, na friji ya kuwekea damu ilikuwa imezimika kwa kukosa mafuta ya taa. Mwuguzi aliyejua kuwapima watu damu alikuwa shambani kwake, maana hakuwa amelipwa miezi mingi, naye ana watoto. Alfajiri mama akafa. Mganga alilia pamoja nasi. Moyo wake ulikuwa kama wa Jack, hata kupita. Wapenzi wasomaji, tulikosa moyo usiku ule? Tulikosa mafuta ya taa na mshahara wa mwuguzi mmoja. Na vitu hivyo viwili haviwezi kuchezwa vizuri katika televisheni.

Kuna kosa la pili katika fundisho la mchezo, nalo ni baya kuliko la kwanza. Mchezo watufundisha kumpima mganga kwa uso wake. Akiongea kwa upole, akikubali kuja nyumbani, akikumbuka jina la mjukuu, twasema: Huyu ni wetu, asiulizwe neno.

Haya, sikilizeni. Miaka ileile mchezo ulipokuwa ukionyeshwa, katika mji wa Hyde, karibu na Manchester, wala si mbali na vilima vile vya Derbyshire, alikuwako mganga aitwaye Harold Shipman. Tangu mwaka 1992 alifanya kazi peke yake, bila mganga mwenzi. Wagonjwa wake walikuwa kama 3,000, nao walimpenda. Alikuwa aenda nyumbani kwa vikongwe wakimwita. Wengi walisema ni mganga wa namna ya zamani, mwenye nafasi ya kuwasikiliza watu. Naye alikuwa akiwaua kwa sindano. Tarehe 31 Januari 2000 alihukumiwa kwa kuua watu 15, na mwaka 2002 uchunguzi ulioongozwa na hakimu Janet Smith ulitangaza kwamba aliowaua ni 215.

Ni nani aliyeshtuka kwanza? Si wale waliompenda. Mnamo Machi 1998 mganga mwingine wa mji uleule alihesabu hati za vifo, akaona ni nyingi mno, akapeleka habari. Polisi walichungua kwa haraka, hawakuona neno, wakaacha. Kabla ya kukamatwa mwezi wa Septemba, aliua wengine watatu. Hesabu ilisema kweli, uso ukasema uongo, nao watu wakausadiki uso.

Sisemi kwamba kila mganga mpole ni mwuaji, Mungu apishe mbali! Waganga walio wengi ni watu wa haki. Nasema hivi: mganga mwema hapungukiwi na kitu akihesabiwa, na mganga mwovu hujificha mahali pasipo hesabu. Kijiji kinachompenda mganga wake kisiache kuuliza: Mwezi huu wamekufa wangapi? Wamezaliwa wangapi? Dawa zilizoingia ni ngapi, na zilizotoka ni ngapi? Kuuliza hivyo si kumtukana mtu.

Je, yuko mganga wa kijiji aliyekuwa na moyo na hesabu pamoja? Yuko, na kama ningekuwa na uwezo ningetaka huyo ndiye achezwe katika televisheni. Jina lake ni Julian Tudor Hart. Alianza kazi mwaka 1961 katika kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg, huko Wales, akakaa humo zaidi ya miaka 25. Hakungoja wagonjwa waje. Yeye na mke wake Mary, pamoja na wenzao wa kazi, waliandika majina ya watu wote, wakampima kila mtu mzima nguvu za damu yake, hata aliyejiona mzima kabisa. Waliokutwa na hatari wakafuatwa mwaka baada ya mwaka. Kisha walilinganisha vifo vya kijiji chao na vya kijiji jirani chenye umaskini uleule. Mwaka 1991 habari zikaandikwa: katika Glyncorrwg vifo vya watu wasiofikia uzee vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya robo kuliko kwa jirani.

Fikirini: hakuna aliyeshuka shimoni kwa kamba. Hakuna helikopta wala mbio za usiku. Ni daftari, ni kile kipimo kinachofungwa mkononi, ni kurudi tena na tena mlango kwa mlango. Nani angetazama mchezo wa namna hiyo? Lakini watu wakabaki hai, wakawaona wajukuu zao. Sisi wakatekisti twaelewa, maana nasi tuna daftari la majina, na asiye na daftari hajui ni nani aliyepotea.

Tudor Hart huyo ndiye aliyeandika mwaka 1971, katika gazeti la waganga The Lancet, neno linalotuhusu sana: kwamba matibabu mema huelekea kupatikana kidogo zaidi pale yanapohitajiwa zaidi, na kwamba jambo hilo huzidi pale ambapo afya yauzwa kama bidhaa sokoni. Aliyaona hayo kwao. Sisi twayaona hapa kila siku. Waganga wajaa mjini penye fedha, na kijijini penye malaria abaki mwuguzi mmoja. Moyo wa mganga mmoja hauwezi kugeuza mwendo huo. Wageuzwa kwa kupanga fedha upya, basi.

Nina neno la tatu, nalo latugusa Waafrika. Jack atoka wapi mwanzoni mwa mchezo? Atoka Afrika, alikokwenda kuwatibu watu. Afrika katika mchezo ni kama mto ambamo Mzungu huoga ili atoke na moyo safi, kisha habari zaendelea kwao. Najiuliza: wale wauguzi waliofanya kazi naye huko, ni akina nani? Alipoondoka, ni nani aliyebaki na funguo za dispanseri? Yule aliyebaki ndiye mwenyeji halisi, wala mchezo haumjui. Nasi tukiusadiki mchezo, hatutamjua pia, ingawa akaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni yule mama mkunga, ni yule mwuguzi aliyekimbilia shambani kwa njaa. Twamsifu Jack ambaye hayupo, na huyu aliyepo hatumlipi.

Najua vijana wataninong'ona: "Mkatekisti ataka kutuzuia filamu." Sizuii. Filamu itazamwe, na mkinialika nitakuja tena, hata kiti nitaleta. Wengine watasema: "Ni mchezo tu, wafanya kelele bure." Ingekuwa ni mchezo tu, ningenyamaza. Lakini mchezo ulisimama katika mkutano wetu, ukasema kwa kinywa cha mzee wetu, ukapiga kura, ukashinda. Jambo linalopiga kura mkutanoni si mchezo tena, yafaa lijibiwe.

Wengine tena watasema: "Sanduku litaliwa na wenye kulishika." Hilo ni neno la haki, tena limepata kutokea mahali pengi. Basi dawa yake ni ileile niliyoitaja: hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi, funguo ziwe mbili kwa watu wawili, na daftari liwe wazi kwa kila mwenye kutoa. Wachimbaji wa Tredegar hawakuwa malaika, walikuwa watu wenye daftari.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Mkutano uitwe tena, na jambo la sanduku lisemwe upya, pole pole. Mwuguzi wetu na mkunga wetu watajwe kwa majina mkutanoni, na kijiji kiamue kitawasaidiaje mpaka mishahara yao ifike. Na daftari la vizazi na vifo lianze kuandikwa, maana tusipojua wanaokufa kwetu, hatutajua wanaoponywa.

Nawe mzee wetu uliyesema siku ile, usinikasirikie. Wewe ni baba yangu, nami nilijifunza kwako kusema kweli mbele ya watu. Ulitaka mganga mwema, nami namtaka. Lakini tumwandalie mafuta ya taa kabla hajafika, asije akalia pamoja nasi alfajiri kama yule wa kwanza.

Ni mimi mkatekisti wenu.